Mota inaruka badala ya kuongeza mwendo: kutafuta hatua zilikopotelea

"Ticha, nikiiambia iende polepole haisogei, nikiongeza kidogo tu inaruka."

Kwenye karakana ya wanafunzi hakuna lalamiko ninalolisikia zaidi kuliko hili, na karibu kila mara anayelileta ameshaamua dawa: anataka kidhibiti kipya chenye biti nyingi zaidi. Ni mara chache sana dawa huwa hiyo. Hatua za mwendo anazozitafuta zilikuwepo tangu mwanzo. Zimepotelea njiani, kati ya namba aliyoiandika kwenye programu na tairi inayogusa sakafu.

Rezolusheni ya kidhibiti mwendo ni idadi ya hatua unazoweza kupata kati ya kusimama na mwendo wa mwisho, kama vidato vya ngazi. Arduino Uno (ya R3 na za kabla yake), bodi ndogo inayoongoza roboti, ukitumia amri ya analogWrite inakupa hatua 256 (biti 8), yaani 0 hadi 255. Lakini namba hiyo inapita mikono mingi kabla ya kuwa mwendo: hesabu ya programu, taima ya bodi (saa ya ndani inayopanga mapigo ya umeme), draiva (bodi inayoipitishia mota umeme wa betri), mota, kisha gia. Kila mmoja anaweza kumeza hatua, na mwenye hatua chache kuliko wenzake ndiye anayeamua roboti itatembea vipi. Kazi yetu ni kumpata huyo.

Hesabu kabla ya kufungua kitu

Iweke roboti juu ya kopo ili magurudumu yaning'inie. Bandika kipande cha utepe mweupe kwenye kila gurudumu. Andika programu fupi inayopandisha namba kwa 5 kila baada ya sekunde 4, toka 0 mpaka 255, na kuionyesha kwenye skrini ya kompyuta. Andika daftarini namba ambayo gurudumu limeanza kuzunguka, namba ambayo baada yake huoni tena tofauti, na mahali popote mwendo uliporuka ghafla. Halafu shuka toka 255 hadi 0, uandike namba ambayo gurudumu limesimama. Mwisho rudia yote roboti ikiwa sakafuni, kwa sababu uzito wake hubadilisha kila kitu.

Kwa kigari kimoja cha mota zile za njano za gia ya 1:48, draiva ya L298N na betri mbili za 18650, tulipata hivi: kuanza 95, kusimama wakati wa kushuka 70, na baada ya 230 macho hayakuona tofauti tena. Kati ya 95 na 230 ni hatua 135. Karibu nusu ya ngazi haina vidato, na bodi haina kosa lolote.

Daftari hilo ndilo litakalokuambia usome sehemu gani hapa chini.

Haisogei, kisha inaruka

Kama namba yako ya kuanza iko juu, tuseme 80 au zaidi, tatizo liko baada ya bodi. Sababu ya kwanza inajulikana: brashi, gia na ekseli vinagandana vikiwa vimetulia, na inahitajika nguvu kubwa zaidi kuviamsha kuliko kuviendesha. Ndiyo maana kuanza ni 95 na kusimama ni 70.

Sababu ya pili ni volti. L298N imejengwa kwa transista za aina ya zamani, na kwa ampea 1 inakula kati ya volti 1.8 na 3.2 kabla mota haijaonja chochote. Ukiilisha na betri nne za kuchaji za ukubwa wa AA, ambazo kwa pamoja ni volti 4.8, unaweza kuiachia mota chini ya volti 3. Hapo usilaumu programu.

Sababu ya tatu ndiyo wengi hawaijui, na ndiyo ninayoipenda kuieleza kwa sababu kuirekebisha hakugharimu hata shilingi. Umeme wa PWM, ule unaotolewa na analogWrite, ni wa kuwasha na kuzima haraka. Swali ni moja: ukizima, mota inafanyiwa nini? Ukipeleka mapigo kwenye pini ya ENA, ile inayoiruhusu draiva kufanya kazi, kila pigo likiisha draiva inaziachia nyaya za mota kabisa. Mkondo uliokuwa ndani ya koili unasukumwa kurudi kwenye betri na kufa mara moja. Mapigo yakiwa mafupi, mkondo haujakua vya kutosha umeshakufa, na kila pigo linaanza upya toka sifuri. Mota inanung'unika lakini haizunguki.

Fanya hivi badala yake. Acha ENA ikiwa juu muda wote, yaani jampa yake (kile kifuniko kidogo kinachounganisha pini mbili) ibaki mahali pake. Peleka PWM kwenye IN1, na IN2 iwe chini; hizo ndizo pini za kuchagua upande wa kuzunguka. Kurudi nyuma, badilisha: PWM kwenye IN2, IN1 chini. Sasa kila pigo likiisha, nyaya mbili za mota zinaunganishwa pamoja ndani ya draiva, na mkondo unaendelea kuzunguka humo ukipungua taratibu hadi pigo linalofuata. Namba ya kuanza itashuka, na kupanda kwa mwendo kutakuwa kunyoofu zaidi toka chini mpaka juu. Rudia kipimo cha utepe ujionee mwenyewe.

Kwa draiva ya DRV8833 kanuni ni ileile ila mpangilio umegeuka: pini moja ibaki juu na PWM iende kwenye ile nyingine. Ukiiacha nyingine chini, unarudi kwenye tabia ya kuachia. Kumbuka tu kwamba namba nayo inageuka, 0 inakuwa mwendo wa mwisho na 255 inakuwa kusimama. Draiva ya TB6612FNG yenyewe hufunga nyaya za mota kila pini yake ya PWM inaposhuka, bila wewe kufanya lolote, na transista zake za MOSFET hazili volti kama L298N. Ikiwa ni lazima ununue kitu, nunua hiyo, mradi mota zako hazivuti zaidi ya ampea 1.2 kwa muda mrefu.

Hatua zinazobaki zitumie zote. Usimwache anayeendesha ahangaike na namba ambazo hazifanyi kitu. Mpe asilimia 1 hadi 100, kisha programu ihesabu: namba ya kuanza, jumlisha asilimia mara (255 toa namba ya kuanza) gawa kwa 100. Kuanza kukiwa 95, asilimia 1 inatoa 96 na asilimia 100 inatoa 255. Sifuri ipewe sharti lake peke yake, ibaki sifuri kweli. Na kila mota iwe na namba yake ya kuanza. Ya kushoto ikiwa 95 na ya kulia 108, roboti itajipinda kulia kila inapoondoka, hata kama mbele ya safari inanyooka vizuri.

Ukitaka kwenda polepole kuliko mwendo wa kuanzia, iamshe mota kwa 255 kwa milisekunde 30 hivi, halafu shuka papo hapo hadi namba iliyo juu kidogo ya ile ya kusimama. Kwenye kigari chetu hilo lilitupa hatua nyingine zaidi ya 20 chini ya 95. Muda wa kuamshia utafute mwenyewe. Ukizidi, roboti itaruka kama chura.

Ni mwendo wote au hakuna kabisa

Hapa hatua ni mbili tu, na sababu karibu daima ni ndogo.

Ikiwa unatumia ENA kwa PWM, angalia kama umetoa jampa. Bodi za L298N huuzwa jampa ikiwa imewekwa, na ikibaki pale ENA inapata volti 5 moja kwa moja, kwa hiyo mota inakwenda mwendo wa mwisho bila kujali umeandika nini.

Angalia pini. Kwenye Uno zenye PWM ni 3, 5, 6, 9, 10 na 11 pekee, zile zenye alama ya wimbi pembeni ya namba. Ukitumia analogWrite kwenye pini 7, bodi hailalamiki: chini ya 128 inazima, kuanzia 128 inawasha. Kwenye daftari lako itaonekana wazi kwamba mwendo wote umetokea kati ya 125 na 130.

Na kama jana ilikuwa sawa, leo umeongeza sevo (mota inayogeuka hadi pembe unayoiamuru) ya mkono wa roboti na mota zimeharibika, hizo mota ziko kwenye pini 9 na 10. Maktaba ya Servo inachukua Taima 1, na taima hiyo ndiyo inayoendesha PWM ya pini hizo. Hamishia mota kwenye 5 na 6.

Kuna jambo dogo hapa ambalo limewapotezea wanafunzi saa nyingi. Pini 5 na 6 zinapiga mapigo karibu 980 kwa sekunde, zilizobaki karibu 490. Mota ya kushoto ikiwa kwenye 5 na ya kulia kwenye 9, namba ileile inaweza kuzaa mwendo tofauti, hasa kule chini. Mwendo wa mbele wa mota zote mbili uwe kwenye taima moja, yaani 5 na 6, na wa kurudi nyuma kwenye 9 na 10, au 3 na 11 ikiwa una sevo.

Inaongezeka vizuri, ghafla inakimbia ovyo

Hii inatisha zaidi, kwa sababu roboti inaweza kuruka mezani. Chanzo ni hesabu.

Mwanafunzi ana potensiometa, kile kirungu cha kuzungusha, inayotoa 0 hadi 1023. Anataka 0 hadi 255, kwa hiyo anaandika thamani mara 255 gawa kwa 1023. Kwenye karatasi ni sahihi. Lakini kwenye Uno, int, aina ya kawaida ya namba kamili, ina biti 16 na inaishia 32,767. Potensiometa ikiwa 128, kuzidisha kunatoa 32,640, kugawanya kunatoa 31, mota inatembea polepole. Isogeze hatua moja hadi 129: jibu la kuzidisha ni 32,895, limepita mwisho, linageuka kuwa hasi 32,641. Ukigawanya unapata hasi 31. Namba hasi haiingii kwenye kisanduku cha biti 8 cha taima, inayoingia ni 225. Yaani toka 31 hadi 225 kwa mguso mmoja wa kidole, potensiometa ikiwa imefunguka kwa sehemu moja tu ya nane. Nimeona watu wakibadilisha potensiometa tatu wakidhani imechakaa.

Dawa ni herufi moja: andika 255L badala ya 255, ili hesabu ifanyike kwa long ya biti 32. Au tumia map, ambayo tayari inahesabu hivyo.

Ndugu wa tatizo hili ni kusahau kabisa kupunguza. Ukipeleka 0 hadi 1023 moja kwa moja kwenye pini 5 au 6, mota itapanda mwendo hadi mwisho na kudondoka, mara nne kwa mzunguko mmoja wa potensiometa. Ukiona nne, ujue ni hilo.

Mwingine ni 50/100*255. Kompyuta inaanza na 50 gawa kwa 100, na kwa namba kamili jibu ni 0. Mota haitasogea mpaka ufike asilimia 100. Zidisha kwanza, gawa baadaye, ukiwa na long.

ESC na sevo: mwendo unapanda kwa ngazi kubwa

Vidhibiti vya magari na ndege za mchezo, yaani ESC, havisikilizi PWM ya asilimia. Vinapima urefu wa pigo: mikrosekunde 1,000 ni mwisho mmoja, 2,000 ni mwisho mwingine, na kwa zinazokwenda mbele na nyuma 1,500 ni kusimama. Hapa ndipo hatua zinapotea kwa wingi kuliko mahali pengine popote.

Ukitengeneza pigo hilo kwa PWM ya biti 8 yenye masafa ya hezi 50, mzunguko mzima ni mikrosekunde 20,000, ukigawanya kwa 256 kila hatua ni mikrosekunde 78. Kati ya 1,000 na 2,000 zinaingia hatua 12 au 13. Sita mbele, sita nyuma! Hakuna dereva anayeweza kuegesha roboti kwa hatua sita.

Maktaba ya Servo ya Arduino ni bora zaidi, lakini wengi wanaitumia kwa nyuzi, 0 hadi 180. Nyuzi hizo zimetandazwa toka mikrosekunde 544 hadi 2,400, kwa hiyo uzi mmoja ni mikrosekunde 10 na kidogo. Sehemu inayomhusu ESC ni nyuzi 45 hadi 141, hatua 97 tu. Badilisha amri iwe writeMicroseconds, na kwa waya zilezile, bodi ileile, unapata hatua 1,000.

Wanaotumia PCA9685, bodi ya pembeni ya kutoa PWM, huona biti 12 wakafurahia hatua 4,096. Ni kweli zipo, ila zimegawanywa kwenye mikrosekunde zote 20,000. Kila moja ni mikrosekunde 4.9, na zinazokuhusu ni 205. Kwa roboti nyingi za wanafunzi zinatosha. Bodi ya ESP32 ikiwekwa biti 16 kwa hezi 50 inakupa zaidi ya 3,000, na hapo ESC yenyewe ndiyo itakayokuwa na hatua chache.

Usisahau kuifundisha ESC mipaka yako. Nyingi zinafundishwa kwa kuwashwa amri ikiwa mwisho wa juu, kusubiri mlio, kisha kushusha hadi chini. Soma karatasi ya ile uliyo nayo, na toa propela kabla ya kujaribu, tafadhali. ESC iliyofundishwa kwa rimoti inayotoa 1,100 hadi 1,900 itafika mwisho mapema, na hatua zako zote za juu zitakuwa bure. Pima pia kimya kilichopo kuzunguka 1,500: ongeza mikrosekunde 2 kila mara, andika pale inapoamka mbele na pale inapoamka nyuma, kisha programu iruke pengo hilo.

Kwa Raspberry Pi dalili ni tofauti kidogo: mwendo unatetemeka ingawa amri imetulia. PWM inayotengenezwa na programu inasubiri zamu yake kwenye Linux, na zamu haiji kwa saa kamili. Tumia pini zenye PWM ya vifaa, GPIO 12, 13, 18 na 19, au mpe Arduino au PCA9685 kazi hiyo.

Nimeondoa mlio, sasa mambo mengine yameharibika

Mota ikipigwa kwa hezi 490 inalia, na watu huipandisha juu ya kilohezi 20 ili sikio lisisikie. Ni sawa, lakini kuna bei. Taima inahesabu kwa saa ya megahezi 16. Ukitaka kilohezi 20, ndani ya kila mzunguko zinaingia hesabu 800 na si zaidi. Hizo ndizo hatua zako zote kwenye Taima 1. Kwa ESP32, saa ni megahezi 80: kilohezi 20 zinakupa biti 11, kilohezi 5 zinakupa 13, kilohezi 1 biti 16. Masafa yakipanda, hatua zinashuka.

Draiva nayo ina kasi yake. L298N inachelewa kuwasha na kuzima kwa kiasi cha mikrosekunde moja au mbili. Kwa hezi 490 hilo si kitu. Ukiipeleka Uno kwenye kilohezi 31, hatua moja ya biti 8 ni kama mikrosekunde 0.125, kwa hiyo ucheleweshaji huo peke yake unameza hatua zaidi ya 8. TB6612FNG inakubali hadi kilohezi 100.

Na kama baada ya mabadiliko haya delay(1000) inaisha kufumba na kufumbua, umegusa Taima 0. Ndiyo inayoendesha pini 5 na 6, na ndiyo hiyohiyo inayohesabu muda wa delay na millis. Kwa masafa mapya tumia Taima 1, pini 9 na 10, alimradi hakuna sevo.

PID haitulii, mwendo unapanda na kushuka

PID ni hesabu inayolinganisha mwendo ulioamriwa na uliopimwa, kisha kurekebisha amri. Kama hatua za kutoa amri zote zipo na roboti bado inayumba, tazama upande wa pili: hatua za kupima. Kisahani chenye matundu 20 kinachozunguka mbele ya kihisi kwenye gurudumu la milimita 65 kinakupa pigo moja kila milimita 10. Roboti ikienda sentimita 20 kwa sekunde, ni mapigo 20 hivi kwa sekunde. Ukihesabu kila milisekunde 50, utapata pigo 1. Mara nyingine 0, mara nyingine 2. Programu inaambiwa roboti imesimama, inasukuma. Inaambiwa inakimbia mara mbili, inafunga. Hakuna namba za PID zitakazoponya hilo, na nimewahi kukaa na timu hadi usiku tukizitafuta.

Acha kuhesabu mapigo kwa muda mfupi. Pima muda kati ya pigo na pigo kwa kutumia amri ya micros, inayotoa muda kwa mikrosekunde. Kwa mwendo uleule, muda huo ni karibu mikrosekunde 50,000, na micros kwenye Uno inasonga kwa 4, kwa hiyo ghafla una maelfu ya hatua mahali ulipokuwa na tatu. Weka ukomo pia: ikipita robo sekunde bila pigo, mwendo ni sifuri.

Ukisoma kingo zote mbili za tundu, kupanda na kushuka, unapata 40 kwa mzunguko. Hakikisha kwa mkono: zungusha gurudumu mara moja taratibu, utepe urudi ulipoanzia, na usome hesabu. Ikija 40, endelea. Ikija 43 au 57, kihisi kinarudia pigo pale kwenye ukingo wa tundu. Unganisha kapasita ya nanofaradi 100 kati ya waya wa ishara na wa ardhi, karibu kabisa na kihisi, uzungushe tena.